Jinsi ya kujifunza maisha kwa kuangalia ndege, mwongozo kamili kwa mtu asiye na darubini wala hela ya mbuga

Ile stori ya tai lazima umeshaipata, kama sio kwenye grupu la familia basi kwa mhubiri au kwa hawa wahamasishaji wa mtandaoni. Kwamba tai akifika miaka 40 anachoka, mdomo unapinda, kucha zinaisha nguvu, basi anapanda mlimani peke yake anagonga mdomo kwenye mwamba mpaka ung'oke, anasubiri uote mwingine, akishaota anang'oa kucha, alafu anang'oa manyoya yote, na baada ya miezi mitano anashuka akiwa kijana na kuishi miaka mingine 30. Watu wanaipenda sana na wanaitumia kushauriana: acha kila kitu, jing'oe, anza upya.

Hakuna tai anayefanya hivo. Mdomo wa tai kwa nje umetengenezwa na kitu kilekile cha kucha zetu, unaota maisha yake yote na unasagika kadiri anavyoutumia, na tai aliyevunjika mdomo porini hawezi kuchana nyama kwa hiyo anakufa njaa. Wala hakuna tai anayejulikana kuishi miaka 70 porini. Na manyoya hayang'oi kwa mkupuo, anayabadilisha machache machache, moja bawa la kulia na mwenzake bawa la kushoto ili asiyumbe, la zamani linadondoka jipya linaota mahali pake, na kwa tai wakubwa kuyamaliza yote ya kurukia inachukua zaidi ya mwaka mzima na muda wote huo anaruka, anawinda, analisha watoto. Sasa niambie, kwa mtu mwenye watoto wawili na kodi ya nyumba, somo lipi linamsaidia? La yule wa kwenye stori aliyejivunja mdomo, au la huyu wa kweli anayejibadilisha unyoya mmoja mmoja huku kazi inaendelea?

Ndo maana nimeandika huu mwongozo. Ndege wa kweli wana mafunzo mazito kuliko wale wa kwenye status, ila wanayatoa kwa mtu aliyekaa chini akawaangalia mpaka mwisho. Nitakupa hatua zote kuanzia kuchagua ndege mpaka kulifanyia kazi ulichokiona, na nitakaa sana kwa wale ninaoona wana mengi.

HATUA YA KWANZA: CHAGUA NDEGE MMOJA WA JIRANI

Usianze na mbuga, usianze na ndege adimu. Tanzania ina aina zaidi ya 1,000 za ndege na Kenya hivohivo, ukitaka kuwajua wote utachoka kabla hujajifunza lolote kwa hata mmoja. Chagua anayekuja mwenyewe hapo ulipo. Dar, Tanga, Mombasa kunguru hakosekani, yule mwembamba wa shingo ya kijivu ambae alitokea India akaletwa Zanzibar kwenye miaka ya 1890 akaenea pwani yote. Ukiwa kwa wafugaji kuna yangeyange wanaotembea na ng'ombe. Nairobi kuna kwarara wanaoamsha mtaa alfajiri, Kampala kuna wale korongo wakubwa wenye vipara wanaoitwa kaloli, wako juu ya taa za barabarani na kwenye madampo. Kwenye bati lako kuna shomoro, kwenye maua ya mgomba kuna chozi.

Ila kama unaniuliza mimi, anayeanza aanze na mnana, yule wa njano mwenye uso mweusi anayesuka viota vinavyoning'inia kwenye minazi, michongoma na miti iliyoinamia maji, wengine wanamwita kwera. Sababu ni moja: kazi yake yote anaifanya hadharani, hata kama ofisi yako inatazama mti wao unaweza ukaangalia ukiwa dirishani.

Kaa na huyo mmoja mwezi mzima kabla hujahamia kwa mwingine. Mtu anayerukia ndege huyu leo yule kesho atapata majina mengi, mafunzo hapati.

HATUA YA PILI: MUDA, MAHALI NA ADABU

Ndege wengi wako kazini kuanzia kunapopambazuka mpaka saa tatu asubuhi, alafu tena kuanzia saa kumi jioni mpaka jua linazama, mchana kwenye joto wengi wanatulia kivulini. Tai na tumbusi ndo tofauti. Hawa miili yao ni mizito na kupiga mbawa kunawamaliza nguvu, kwa hiyo asubuhi utawakuta wamekaa tu mtini, ardhi ikishapata moto ile hewa ya moto ikaanza kupanda juu wanafungua mbawa wanaingia ndani yake wanabebwa bila kupiga bawa, wanazunguka mpaka wanapotea machoni. Mwaka 1973 ndege ya abiria iligongana na tumbusi juu ya Abidjan ikiwa kwenye kimo cha mita 11,300 hivi. Yule aliyefika huko ndo huyohuyo aliyekaa mtini asubuhi akisubiri, na anayemuona saa moja anaweza akasema mvivu.

Kaa jua likiwa mgongoni kwako, vaa nguo zisizong'aa, simu weka kimya. Dakika 15 au 20 za mwanzo ndege wanakuangalia wewe, hawafanyi ya kwao, kwa hiyo usiondoke mapema ukasema hakuna kitu. Wakishakuzoea ndo maisha yao yanaanza kuonekana.

Umbali: ukiona ndege ana chakula mdomoni anaruka tawi hili anaenda lile, analia, haingii kwenye kiota, tatizo ni wewe, rudi nyuma mpaka aingie. Usikate matawi ili uone kiota vizuri maana unakuwa umemfungulia mlango kunguru na nyoka. Na usipige sauti za ndege kwenye spika ya simu karibu na viota, wanadhani mgeni kavamia, wanaacha watoto wanakuja kupigana na mtu asiyekuwepo.

Alafu kuna la kibinadamu. Shamba la mtu pita kwanza nyumbani, piga hodi, "shikamoo mzee, naomba nikae pale kwenye mti wenu niangalie ndege". Atakushangaa, pengine atacheka, lakini mara nyingi hapo ndo unapata kiti na chai na maelezo ambayo hayapo popote, kwasababu mkulima na mchungaji wamewaangalia hao ndege maisha yao yote. Karibu na kambi za jeshi, bandari, viwanja vya ndege na madaraja makubwa usitoe darubini wala kamera, hata kama kuna ndege wa namna gani. Na kama unaenda bondeni au mikokoni usiende peke yako, hasa kina dada.

Darubini ukiipata ni nzuri, yenye namba 8x42 inatosha kabisa, ila kwa mnana, kunguru na yangeyange macho yanatosha. Kwenye simu kuna programu inaitwa Merlin, ya bure, ya chuo kikuu cha Cornell Marekani, inakusaidia kumjua ndege kwa picha au kwa maswali machache, pakua ile pakiti ya eneo lako ukiwa kwenye waifai maana inakula bando. Kwa walioko Nairobi, Nature Kenya wana matembezi ya kuangalia ndege kila Jumatano asubuhi yanayoanzia Makumbusho ya Taifa, yalianzishwa na Fleur Ng'weno kwenye miaka ya 1970 na mpaka leo yapo. Kutembea na wanaojua mara moja kunakuokolea miezi ya kubahatisha.

HATUA YA TATU: DAFTARI LENYE PANDE MBILI

Hii ndo hatua ambayo watu wengi wanairuka, na ukiiruka utaishia palepale kwenye stori ya tai. Chukua daftari la kawaida la shule. Ukurasa wa kushoto unaandika kilichotokea tu, macho yako yalichokiona na masikio yalichosikia. Ukurasa wa kulia unaandika unachofikiri kinamaanisha, na huo ukurasa wa kulia usiuguse mpaka umeshakaa na huyo ndege siku kadhaa.

Kushoto inaandikwa hivi: "Saa moja na robo. Dume kaja na utepe wa jani la mnazi, mrefu kumzidi yeye. Kaupitisha kwenye kitanzi, kauvuta kwa mdomo upande wa pili. Jirani kaja akavuta utepe mwingine kwenye kiota hichohicho, wakafukuzana. Jike kaingia kwenye kiota cha chini, kakaa kidogo, katoka kaondoka." Hakuna "anajituma", hakuna "mwizi", hakuna "jike kamkataa". Hayo ni ya kulia na unaweza ukawa hauko sahihi.

Kwanini nakazania hili? Kwasababu sisi binadamu tunakimbilia kwenye funzo ambalo tayari tunalo kichwani. Mtu mwenye hasira na mke wake akimuona jike anatoka kwenye kiota ataandika wanawake hawaridhiki. Ndege hakumwambia hivyo, amejisomea mwenyewe. Ukurasa wa kushoto ndo unaokulinda.

HATUA YA NNE: MFUATE MPAKA MWISHO (NAMUELEZA MNANA)

Dume la mnana linaanza na kitanzi. Anakata ukingo wa jani la mnazi au la nyasi ndefu, anaruka nalo linachanika utepe, anakuja kuusuka kwenye ncha ya tawi mpaka apate duara la kumtosha kusimama. Akishasimama hapo hahami. Kiota chote anakisuka akiwa amesimama kwenye hicho kitanzi, mbele anasuka chumba mpaka pale mdomo wake unapofika, kisha upande wa pili anaweka mlango. Kipimo cha nyumba ni mwili wake mwenyewe. Sasa fikiria mtu anayefungua biashara kwa kipimo cha duka la jirani, fremu kubwa, mkopo, friji tatu, wakati hana kitanzi cha kusimamia. Swali la kujiuliza ni: mimi nimesimama wapi ambapo hapatingishiki, na kutoka hapo mkono wangu unafika wapi?

Majani anayotumia ni mabichi, hayo ndo yanapindika, yakikauka yanakaza. Kazi ya kukunja inafanywa ikiwa bichi. Wazazi na walimu hapa mnanielewa.

Kiota kikikamilika dume ananing'inia chini yake kichwa chini anapiga mbawa na kupiga kelele kila jike linapopita. Jike likivutiwa linaingia, linakagua, linavutavuta nyuzi kwa ndani. Likikubali linaanza kutandika majani laini na manyoya. Lisipokubali linaondoka, na dume haliendi kugombana nalo. Linaendelea kunadi kiota kwa siku kadhaa, ila majani yakishageuka kahawia bila mteja, dume linakifumua lenyewe, linasuka kingine kipya, mara nyingi mahali palepale.

Hapa ndo pa kukaa sana kwa maoni yangu. Sisi tuna tabia ya kung'ang'ania kiota kilichokauka. Fundi cherehani ana magauni ya fasheni ya mwaka juzi yananing'inia dukani, kila mteja anayashika anaachia, na fundi analalamika wateja wa siku hizi hawajui nguo. Mnana angeshayafumua zamani akatumia msumari uleule kutundika kipya. Kukataliwa kwake hakumuondoi kwenye tawi, kunaondoa kile kiota tu, kutenganisha hivi vitu viwili ni jambo kubwa mno na kuna watu wanazama kwenye sonona kwasababu hawakuweza kuvitenganisha, wakikataliwa barua ya kazi wanaona wamekataliwa wao wenyewe.

Ukiangalia vizuri utaona pia viota vya hovyo, vimelegea, vina nyuzi zinaning'inia, hakuna jike linalovigusa. Mara nyingi hivyo ni vya madume vijana. Kusuka kwa hawa ndege kuna sehemu wanazaliwa nayo na kuna sehemu inakuja kwa mazoezi, kijana anasuka vibaya sana mwanzoni, anafumua, anasuka tena, na hakuna anayemfukuza mtini kwasababu kiota chake kibaya. Kama una kijana anayejifunza ufundi kwako mpe mabaki ya kitambaa, mpe mbao mbovu, usimpe kazi ya mteja alafu umtukane.

Jambo la mwisho la mnana halionekani kwa macho ukiwa chini ya mti, wataalamu ndo wamelithibitisha. Kuna kekeo wanaotaga mayai yao kwenye viota vya wengine ili wawalelee. Mnana jike ana dawa yake: kila jike anataga mayai ya rangi na madoa ya aina yake, tofauti na ya jirani, na yake yote yanafanana. Likiingia yai lisilofanana analitupa nje. Hakagui mayai yote ya dunia, analijua vizuri la kwake tu. Mtu anayejua msimamo wake, bei yake, imani yake, hahitaji kusoma kila utapeli mpya unaotoka mjini.

HATUA YA TANO: ULIZA NANI ANALIPA GHARAMA

Kila tabia ya ndege ina gharama na kuna anayeilipa. Ukishaandika ulichoona, jiulize gharama iko wapi, hapo ndo funzo linapoacha kuwa maneno matamu.

Nirudi kwenye manyoya. Nimesema tai anabadilisha kidogo kidogo. Ila wapo ndege wanaodondosha manyoya yote ya kurukia kwa mkupuo, kwa hiyo lile wazo la kuacha vyote mara moja lipo kweli kwenye maumbile, ila sio kwa tai. Hondohondo wadogo wa nyikani, wale wa mdomo mwekundu utakaowaona Tarangire au Samburu, jike linaingia kwenye tundu la mti, mlango unazibwa kwa udongo na kinyesi mpaka unabaki ufa mwembamba wa kupitisha mdomo, na humo ndani anapukutisha manyoya ya mbawa na mkia. Hawezi kuruka kabisa. Anataga, anaatamia, na muda wote huo dume linaleta chakula linakipitisha kwenye ufa. Watoto wakikua kidogo na manyoya yake yakiwa yameota anabomoa anatoka, watoto wenyewe wanaziba tena, na sasa wazazi wote wawili wanawalisha. Bata bukini nao wakibadilisha manyoya hawawezi kuruka, wakati huo wanakaa karibu na maji ili akija adui waingie.

Kwa hiyo swali la mtu anayetaka kuacha ajira aanze upya sio "una ujasiri kama wa tai?". Swali ni una tundu lililozibwa na una mtu wa kukuletea chakula kwenye ufa? Akiba ya miezi kadhaa, mwenza aliyekubali kwa kinywa chake sio kwa kunyamaza, nyumba isiyodai kodi. Kama unavyo, pukutisha yote. Kama huna, fuata njia ya tai, unyoya huu mwezi huu, ule mwezi ujao, kozi ya jioni, wateja wawili wa wikiendi, huku mshahara unaingia. Njia zote mbili ni halali, kinachoua watu ni kuchukua njia ya hondohondo wakiwa juu ya tawi wazi.

Na usisahau dume la hondohondo. Reginald Moreau, aliyekuwa kituo cha utafiti cha Amani kule Usambara, alifuatilia na mkewe hondohondo wakubwa wa msitu wa pale, na kwa hao jike linafungiwa ndani karibu miezi minne. Miezi minne dume linahangaika na matunda. Likifa au likizembea, walioko ndani wako hatarini. Anayesema mke wangu apumzike ajifungue salama anapaswa ajue ametia saini kitu gani.

HATUA YA SITA: MTAFUTE NDEGE ANAYEKUPINGA

Ukishapata funzo zuri usilikumbatie bado. Tafuta ndege mwingine, au tabia nyingine ya ndege huyohuyo, inayosema kinyume.

Mlembe ndo mfano wangu. Huyu ndege anaita watu anawapeleka kwenye mzinga wa nyuki wa porini, wao wanachukua asali yeye anakula nta na majana. Kule Niassa, Msumbiji, Wayao wanamwita kwa mlio wao maalumu, na utafiti wa Claire Spottiswoode uliotoka 2016 ulionyesha kwamba ukitumia mlio huo badala ya sauti nyingine uwezekano wa kumpata mzinga unapanda kutoka asilimia 16 mpaka 54. Wahadzabe wa Ziwa Eyasi wao wanapiga mluzi. Mwaka 2023 ukatoka utafiti mwingine, wa Spottiswoode na Brian Wood, kwamba walembe wa upande wa Wahadzabe wanaitika mluzi wa Kihadzabe zaidi ya mara tatu kuliko mlio wa Wayao. Ukitaka msaada wa mtu muite kwa sauti anayoijua yeye, hilo ni funzo la kweli na anayefanya kazi na watu atalitumia kila siku.

Sasa upande wa pili. Mlembe hajengi kiota. Anataga kwenye matundu ya ndege wengine kama keremkerem, na kinda lake linatoka yaini na ndoano mdomoni, kwa ndoano hiyo linaua makinda ya mwenye nyumba gizani. Ndege huyohuyo rafiki wa watu. Na hata kwa watu malipo hayafanani, Wayao wanamwachia nta kama shukrani, Wahadzabe mara nyingi wanaichoma au wanaifukia ili abaki na njaa aendelee kuongoza.

Keremkerem wenyewe nao. Mtafiti Stephen Emlen na wenzake walikaa miaka mingi kule Nakuru na keremkerem wa paji jeupe, wanaoishi koo kwa koo kwenye matundu ya kingo za udongo. Vijana waliokosa kuzaa wanawasaidia wazazi kulisha wadogo zao, na makinda yanayosaidiwa yanapona zaidi. Mfano wa familia kabisa! Ila walichokiona pia ni kwamba baba anaweza kwenda kuvuruga ndoa ya mtoto wake wa kiume, anakaa mlangoni kwenye tundu lake, anamzuia asimlishe mke wake, mpaka kijana anaacha anarudi kusaidia kwao. Wanaotuma hela nyumbani kila mwezi na bado wanaambiwa wametelekeza wazazi watakuwa wameelewa bila mimi kuongeza neno.

Maana yake sio kwamba ndege ni wabaya au familia ni mbaya. Ndege hawajaumbwa wawe walimu wetu wa maadili, wanaishi maisha yao. Wewe ndo unachagua, na unachagua vizuri ukishaona pande zote mbili. Funzo likibaki limesimama baada ya kupingwa, liandike ukurasa wa kulia kwa kalamu.

HATUA YA SABA: LIGEUZE LIWE TENDO

Andika sentensi moja yenye sehemu mbili: nilichoona, na nitakachofanya wiki hii. Kwa mfano: "Nimeona mnana anafumua kiota kilichokauka, kwa hiyo Jumamosi nauza hizi nguo za mwaka juzi kwa bei ya kutupa." Au "nimeona tumbusi anasubiri hewa ipande, kwa hiyo maombi ya mkopo nayapeleka mavuno yakishaingia, sio sasa hivi." Au "nimeona mlembe anaitika mluzi anaoujua, kwa hiyo na mkwe wangu nitaongea kwa simu, sio kwa meseji." Liwe dogo, liwe na siku. Mwisho wa mwezi rudi kwenye sentensi zako uone ipi imefanya kazi, ambazo hazijafanya kazi zifute bila huruma, hata kama ndege wake unampenda.

UKIWA NA WATOTO

Watoto waanzie kwa bundi, tena yule mweupe wa usoni anayekaa kwenye dari na minara ya misikiti na makanisa. Watu wanamuua kwa kumuogopa na inaniuma sana. Anameza panya mzima, alafu mifupa na manyoya anayatema kama kitonge, utavikuta vitonge chini anapolala. Loweka kwenye maji, fungua na vijiti, mhesabu pamoja mafuvu ya panya, alafu nawa mikono kwa sabuni. Mtoto aliyehesabu mafuvu kwa mkono wake hataokota jiwe akimuona bundi. Na sumu ya panya punguza, panya aliyekula sumu akiliwa na bundi anaenda nae.

Manati zikusanye. Weka sahani ya maji pana isiyo na kina, juu kidogo ya ardhi paka asifike, badilisha maji kila siku.

LINI UANZE

Unaweza kuanza kesho, ila mwezi unakupa ndege tofauti. Masika, Machi mpaka Mei, na vuli kwenye Novemba, minana inasuka, huo ndo msimu wa hatua ya nne. Kuanzia Septemba na Oktoba mbayuwayu wa Ulaya wanaingia na kukaa kwenye nyaya za umeme, wanaondoka Machi na Aprili. Mwaka 1911 mmoja wao alivishwa pete ya alama mguuni Uingereza, na Desemba 1912 akakutwa Natal, Afrika Kusini, ndo watu wakapata uhakika wanasafiri umbali gani. Mwisho wa Novemba na Desemba, mvua zikiwa zimechanganya, angalia juu kwenye wingu la kumbikumbi, kuna kozi wadogo wa Amur wanapita, wanatoka Siberia na China, wamevuka Bahari ya Hindi. Kiangazi, Juni mpaka Septemba, nenda kwenye mabwawa yanayokauka, ndege wanajazana kwenye maji yaliyobaki na utawaona aina nyingi umekaa sehemu moja.